Laana na Hesabu Zake

Wafanyabiashara wadogo wa Tanzania wana hofu moja ambayo haimo katika fomu yoyote ya mkopo. Noti inaingia dukani mkononi mwa mteja, inachanganyika na nyingine ndani ya droo, kisha inarudi kwa mwenyewe ikiwa imezikokota zile ilizozikuta. Hiyo ndiyo chuma ulete. Anayeamini kwamba imemwingilia hutaja dalili zilezile kila mara: ameuza kutwa nzima, wateja hawakukatika, lakini jioni akifungua droo fedha hazifiki kiasi alichotarajia. Kwa kawaida hakuna anayemuuliza kiasi hicho alikipata wapi. Maduka mengi ya mtaani hayana daftari. Mwenye duka ametoa humohumo nauli ya mtoto, amenunua mboga, amemkopesha jirani kilo ya sukari, amerudisha chenji iliyozidi, na ameuza kwa bei ya zamani mafuta aliyoyanunua kwa bei mpya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa. Jioni anachokilinganisha na fedha za droo ni picha ya mauzo aliyo nayo kichwani, na picha hiyo huyakumbuka mauzo na kuyasahau matumizi. Pengo linalobaki linahitaji maelezo, na maelezo yapo tayari, tena yana sura ya mtu: yule mteja wa asubuhi aliyekuja na noti kubwa.

Ni rahisi kucheka, na wasomi wetu hucheka sana, wakidhani hii ni shida ya watu wasiosoma. Si kweli. Hesabu ya nusunusu kama hiyo imefanywa na wahariri wa London, masonara wa Paris na matajiri wa Washington, ikazaa hadithi za vitu vya laana zinazosimuliwa duniani kote hadi leo. Ninachokishikilia hapa ni kwamba laana ya kitu haikai ndani ya kitu. Inakaa katika namna tunavyohesabu: nani tunamtaja, nani tunamruka, tunaanzia wapi na tunaamua kuishia lini. Ukiikamilisha hesabu, mara nyingi laana hupotea. Na isipopotea, basi kitu hicho kina hatari ya kweli inayostahili jina lake halisi.

Hadithi mashuhuri kuliko zote ni ya kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri. Wafanyakazi wa mwanaakiolojia Howard Carter waliifikia ngazi ya kwanza ya kaburi hilo katika Bonde la Wafalme, karibu na Luxor, tarehe 4 Novemba 1922. Februari 1923 chumba cha maziko kikafunguliwa, na tarehe 5 Aprili mfadhili wa kazi hiyo, Lord Carnarvon, akafariki hotelini Cairo akiwa na miaka 56. Chanzo hakikuwa siri. Alikuwa ameng'atwa na mbu shavuni, akakikata kipele kwa wembe wakati wa kunyoa ndevu, kidonda kikaingia sumu, damu ikachafuka, nimonia ikamalizia. Dawa za antibiotiki zilikuwa hazijapatikana, na vifo vya namna hiyo vilikuwa vya kawaida. Tena Carnarvon hakuwa mtu mwenye afya. Ajali mbaya ya gari ya mwaka 1901 ilimwachia kifua dhaifu, na kwa ushauri wa madaktari ndipo akaanza kuikimbia baridi ya Uingereza na kwenda Misri. Kwa maneno mengine, udhaifu ule uliomuua ndio uliompeleka kaburini kwa farao. Walioisimulia laana waliupanga mfuatano huo upya, kaburi likatangulia na ugonjwa ukafuata.

Lakini kifo kimoja hakitoshi kuzaa hadithi ya miaka mia. Ilihitajika njaa ya habari, na njaa hiyo Carnarvon mwenyewe aliisababisha. Alikuwa ameliuzia gazeti la The Times la London haki ya kupata habari za kaburi kabla ya wengine wote, hivyo waandishi wa magazeti mengine walikuwa wamepiga kambi Luxor kwa gharama kubwa, wakikaa juani nje ya kaburi bila cha kuandika. Carnarvon alipofariki, hatimaye wakapata habari isiyohitaji kibali cha mtu. Mwandishi wa riwaya Marie Corelli alikuwa ameshaonya magazetini kuhusu adhabu ya kuvunja makaburi ya kale. Arthur Conan Doyle, muumba wa Sherlock Holmes na muumini mkubwa wa mambo ya mizimu, akasema huenda roho waliowekwa walinzi ndio waliofanya kazi hiyo. Ikasemwa kwamba taa za Cairo zilizimika Carnarvon alipokata roho, kana kwamba umeme wa Cairo wa mwaka 1923 haukuwa na desturi ya kuzimika wenyewe. Tangu hapo orodha ikaanza kujazwa. Kila aliyekuwa na uhusiano wowote na kaburi lile, awe jamaa wa mchimbaji, mgeni aliyechungulia au mwandishi aliyeripoti, alipokufa aliongezwa. Arthur Weigall, mtaalamu wa Misri aliyekuwa mwandishi wa habari pale Luxor na ambaye maandishi yake yalichangia kuivumisha laana, alipofariki mwaka 1934 na yeye akaingizwa kwenye orodha.

Mwaka huohuo Herbert Winlock wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, alichoka na maswali akaamua kuhesabu. Kati ya watu 26 waliokuwapo kaburi lilipofunguliwa, 6 walikuwa wamekufa katika muda wa zaidi ya miaka kumi. Kati ya 22 walioshuhudia jeneza la jiwe likifunguliwa, walikuwa wamekufa 2. Kati ya 10 waliosimama pale maiti ilipofunuliwa sanda, hakuna hata mmoja. Laana hii ilikuwa ya ajabu, kwani kadiri mtu alivyomkaribia farao ndivyo alivyozidi kusalimika. Douglas Derry, daktari aliyeupasua mwili wenyewe, aliishi hadi mwaka 1961. Lady Evelyn, binti wa Carnarvon na mmoja wa watu wa kwanza kuingia, alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 78. Carter aliyeshinda humo kwa takriban miaka kumi alikufa mwaka 1939 akiwa na miaka 64. Mwaka 2002 mtafiti wa Australia, Mark Nelson, alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza ulinganisho wa watu 44 wa nchi za Magharibi waliotajwa na Carter kuwa walikuwapo Misri wakati ule. Ishirini na watano walihudhuria ufunguzi na uchunguzi, na umri wao wa kufa ulikuwa wastani wa miaka 70. Wengine wastani wao ulikuwa 75. Kwa idadi ndogo kama hiyo, tofauti hiyo haionyeshi kitu.

Hata hizo hesabu nzuri zina pengo, na kwangu pengo hilo ndilo linalofundisha kuliko yote. Waliolichimba kaburi lile kwa mikono, waliobeba mchanga, waliopandisha masanduku na vitanda vya dhahabu juani, walikuwa Wamisri wa vijiji vya jirani na Luxor. Walikuwa wengi kuliko Waingereza. Hakuna gazeti lililowafuatilia kujua nani alikufa lini. Laana iliyodai kuwapata wote waliougusa utulivu wa farao ilikuwa na adabu ya kitabaka, ikiwachagua wenye vyeo na kuwapita vibarua. Ukiona msiba unawachagua watu ambao magazeti yanawajua tu, basi jua unachokitazama ni tabia ya magazeti.

Kosa la kusahau wengine lina sura nyingine, na hiyo inaonekana vizuri katika picha ya mtoto anayelia. Tarehe 4 Septemba 1985 gazeti la The Sun la Uingereza liliandika habari ya familia moja ya Rotherham iliyounguliwa nyumba, kila kitu kikateketea isipokuwa picha ya ukutani ya mtoto mwenye machozi mashavuni. Zimamoto wa eneo lile walikuwa wamekutana na picha za namna hiyo, nzima au karibu nzima, katika nyumba kadhaa zilizoungua. Wasomaji walipiga simu kwa wingi, kila mmoja na moto wake. Kufikia mwisho wa Oktoba watu walikuwa wamepeleka picha zao kwa maelfu, na gazeti likazichoma hadharani. Sasa tazama kilichoachwa. Picha hizo, nyingi zikiwa zimetiwa sahihi ya Giovanni Bragolin, zilikuwa zimeuzwa madukani kwa makumi ya maelfu, hasa kwa familia za wafanyakazi. Mahali ambapo picha imetundikwa nyumba kwa nyumba, moto wowote ukitokea utaikuta. Hakuna aliyepiga simu kusema anayo ukutani kwa miaka kumi na mitano na hajawahi kuunguza hata mkate. Kuhusu kusalimika kwa picha hizo, zilichapwa juu ya ubao mgumu wa kushindiliwa na kupakwa vanishi, vitu visivyowaka upesi. Kamba ya kutundikia ikiungua, picha huanguka kifudifudi sakafuni, mahali pasipo na joto kali kama la dari. Ofisa wa zimamoto aliyekuwa akiweka kumbukumbu za mioto hiyo alisema waziwazi kwamba vyanzo vyake vilikuwa sigara zilizosahaulika, karai za mafuta ya kukaangia na nyaya mbovu. Maelezo yake yaliripotiwa, lakini hayakuwa na uwezo wa kuuza gazeti.

Kuuza ndilo neno la kulishika, maana nyuma ya karibu kila kitu cha laana yupo mtu anayekula kwa hadithi hiyo. Almasi ya buluu iitwayo Hope, yenye uzito wa karati 45.52, inasemekana imewaangamiza wote walioimiliki. Masimulizi huanza na Tavernier, mfanyabiashara Mfaransa aliyeitoa India na kuiuza kwa mfalme Louis XIV; Tavernier huyo eti aliraruliwa na mbwa. Tavernier alikufa Moscow mwaka 1689 akiwa na miaka zaidi ya 80, umri ambao wengi wa zama zake wasingethubutu kuuomba. Aliyeipamba hadithi ikapendeza ni sonara Pierre Cartier, mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa akimtafutia almasi hiyo mnunuzi tajiri. Alimsimulia Evalyn Walsh McLean wa Washington visa vyote vya mikosi, kwa sababu alijua kwamba bibi huyo hujigamba kuwa vitu vyenye mikosi kwa wengine kwake huwa vya bahati. Akanunua kwa dola 180,000. Baadaye mwanawe aligongwa na gari akafa, ndoa ikavunjika, binti yake akafariki kijana, na msiba wa mama huyo hakuna anayeweza kuudharau. Lakini mwaka 1958 sonara Harry Winston aliitoa almasi hiyo kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, akaituma kwa posta ya kawaida ya rejesta, na tangu hapo taasisi hiyo imeneemeka kwa mamilioni ya wageni wanaokuja kuitazama. Hadithi ya mikosi ni sehemu ya mvuto wake. Huku kwetu nako wapo akina Cartier. Sanduku la rupia za Mjerumani linalosemekana limefukiwa chini ya mbuyu na kulindwa na jini limewatajirisha watu kadhaa, nao ni wale wanaotoza fedha za kafara kabla ya kuchimba.

Kwa nini tunashikika kirahisi hivyo? Mwaka 1986 Paul Rozin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majaribio ambayo hayajaacha kuchekesha. Mtu alipewa chupa mbili, akaona sukari ya dukani ikitiwa ndani ya zote mbili, akapewa karatasi mbili za gundi, moja imeandikwa sukari na nyingine sumu ya sianidi, kisha akaambiwa abandike mwenyewe, ipi wapi ni hiari yake. Baada ya hapo wengi walisita kunywa maji yaliyokorogwa kwa sukari ya chupa iliyobandikwa sumu. Walijua ni sukari. Wao ndio waliobandika. Hata hivyo mkono ulikuwa mzito. Akili ya binadamu imezoea kudhani kwamba vitu huambukizana tabia kwa kugusana, na kwa maelfu ya miaka, kabla ya kujua vijidudu, dhana hiyo ilituokoa na maji machafu na mizoga. Shida yake ni kwamba haina breki. Ila inahitaji kujulishwa. Afrika Mashariki imevaa mitumba kwa marobota, nguo za watu wasiojulikana, bila shaka nyingine za marehemu. Wazee wa Tanzania waliziita kafa Ulaya huku wakizivaa na kwenda nazo harusini. Mtu huyohuyo aliyevaa koti la kafa Ulaya atakataa shati la jirani aliyefia mtaa wa pili. Koti la mbali halina simulizi, na bila simulizi hofu haina pa kushika.

Kuna pia kiu ya kujua kwa nini mimi, kwa nini leo. E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa Sudan ya kusini na kuchapisha kitabu chake mwaka 1937, alieleza kuhusu ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini liliporomoka saa ile, juu ya wale. Sayansi haina jibu la kuridhisha kwa swali hilo zaidi ya kusema ilitukia, na neno hilo halijawahi kumfariji mfiwa. Laana humpa jibu kamili. Ndiyo maana haishindwi kwa dharau.

Hapa msomaji makini atanipinga: mbona kuna vitu vinavyoua kweli wanaovigusa? Vipo, na kisa cha Goiânia nchini Brazil kinafaa kusomwa na kila anayeamini laana na kila asiyeamini. Septemba 1987 vijana wawili waliingia katika kliniki ya saratani iliyohamwa, wakang'oa mashine iliyoachwa humo na kuiuza kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wenye mionzi wa caesium-137, uliokuwa unang'aa buluu gizani. Mwenye yadi ya vyuma aliupenda, akawagawia ndugu na marafiki, wengine wakajipaka mwilini kama pambo. Kisha wakaanza kutapika na kubabuka ngozi. Mke wa mwenye yadi alifanya jambo ambalo wahariri wa London hawakulifanya: alitazama nyumbani kwake na kwa jirani, akaona kwamba walioumwa ni wote waliokaribia kitu kile, akakitia kwenye mfuko na kukipeleka kwa basi hadi ofisi ya afya. Hakuwa na kipimo chochote, alihesabu kwa macho yake, na aliokoa mji. Yeye mwenyewe alikufa, pamoja na wengine watatu; waliokutwa na uchafu wa mionzi walikuwa 249, na watu zaidi ya 112,000 walipimwa.

Hivi ndivyo kitu chenye madhara halisi kinavyojionyesha. Kinamdhuru aliyejua na asiyejua, mtoto na mganga, kibarua na bwana, kwa kadiri ya ukaribu na muda. Kinapimika, na madhara yake yanafuata mpangilio ambao adui yako atauona kama unavyouona wewe. Baadhi ya wataalamu wamependekeza kwamba makaburi ya Misri yalikuwa na ukungu wenye sumu, na pendekezo hilo halina ubaya. Lakini ukungu ungewaanza walioshinda kaburini, na Carnarvon alikufa zaidi ya miezi minne baada ya kuingia mara ya kwanza, kwa kidonda kilichokuwa shavuni. Hata Goiânia, hesabu ilipokwisha, laana ya zamani ilirudi kwa mlango wa nyuma. Maziko ya mtoto mmoja aliyekufa yalikutana na umati uliorusha mawe, na wakazi wa mji ule, hata wale ambao vipimo vilionyesha ni wazima, walikataliwa hotelini na safarini kwa kuwa tu wanatoka Goiânia. Mionzi ilikuwa na mipaka, hofu haikuwa nayo.

Wapo watakaosema ghaibu haipimwi kwa rula, na kwamba anayeamini Mungu hawezi kukanusha yasiyoonekana. Sina nia ya kukanusha. Lakini anayedai kwamba kanga fulani imeangusha biashara fulani hazungumzi tena mambo ya ghaibu. Anazungumzia fedha, tarehe na mtu, na hayo yana ushahidi wake. Tena dini zenyewe zilizoenea kwetu ni kali juu ya vitu kuliko wengi wetu tulivyo. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab alipolibusu Jiwe Jeusi pale Makka alilikumbusha kwamba ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba alilibusu kwa kumfuata Mtume. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba sanamu si kitu, na nyama iliyotolewa mbele yake ni nyama. Ila Paulo aliongeza jambo la busara: yupo ndugu mwenye dhamiri dhaifu atakayeumia kwa kukuona ukiila. Hapo amegusa pingamizi lililo gumu zaidi, kwamba hofu yenyewe hudhuru. Mtaalamu wa fiziolojia Walter Cannon aliandika mwaka 1942 juu ya watu wanaosemekana kufa kwa kujua wamelogwa, na ingawa visa vyake vinabishaniwa, hakuna daktari atakayekataa kwamba woga mkali hupandisha presha, hufukuza usingizi na hamu ya kula. Kwa hiyo anayetetemeka kwa kukuta kitu kilichofungwa kitambaa chekundu mlangoni hasingizii kuumwa, na kumcheka ni kumwongezea maradhi. Lakini huo ni ushahidi kuhusu woga. Mpe kitu hichohicho mtu asiyejua maana yake, atakitupa jalalani na kulala usingizi mnono.

Na woga una bili, ambayo kwa kawaida hailipwi na mwenye nguvu. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na inayoendelea kutumika Tanzania, inamtia hatiani mtu anayemiliki vyombo vya uchawi, na katika kueleza vyombo hivyo ni nini, inajumuisha vile ambavyo kwa jumla huaminika kuwa na uwezo huo. Mkoloni alidhani anaupiga vita ushirikina, kumbe aliukabidhi umma unaoogopa mamlaka ya kuamua ni kitu gani kina hatia. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka hamsini. Ukishakubali kwamba kibuyu kinaweza kuua, hutaishia kwenye kibuyu. Utamtafuta mwenyewe, na utampata kwa yule asiye na wa kumtetea.

Limebaki pingamizi moja ninaloliheshimu. Inasemwa kwamba hofu ya laana ni ulinzi wa bei nafuu. Mahali pasipo polisi wala uzio, shamba lenye kinga haliibiwi, kaburi halichimbuliwi, msitu wa kaya haukatwi. Upo ukweli katika hili, na kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda kwenye pwani ya Kenya, zimehifadhi miti ambayo sehemu nyingine ilishageuka mkaa. Lakini tuangalie vigango, nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama, walio sehemu ya Wamijikenda, huwasimamishia marehemu waliokuwa wa chama cha Gohu. Kigango huambatana na marehemu, hakihamishwi hata familia ikihama, na kukigusa vibaya ni kukaribisha maafa. Kama kuna kitu kilichozungushiwa hofu ya kutosha, ni hiki. Hata hivyo katika miaka ya 1970 na 1980 viliibwa kwa mamia, vikauzwa kwa wachuuzi wa sanaa na kuishia Marekani, majumbani kwa matajiri, wakiwamo waigizaji wa Hollywood, na katika makumbusho. Vijana walioiba walihitaji fedha kuliko walivyoogopa, na mnunuzi wa Los Angeles hakuogopa kwa kuwa hakuna aliyempa simulizi.

Maafa nayo yaliwafikia nani? Watafiti walipozihoji familia zilizoibiwa, hizo ndizo zilizosimulia ukame, magonjwa na vifo vilivyofuata. Aliyeibiwa ndiye aliyelala macho, akijilaumu kwa kushindwa kumlinda baba yake. Ulinzi unaomwadhibu mwenye mali na kumwacha mwizi hauwezi kusifiwa kwa unafuu wake. Na tazama jinsi viwili kati ya vigango hivyo vilivyopatikana. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango alivyowasimamishia ndugu zake; muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita kabla ya Udvardy na mwenzake Linda Giles kukitambua kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, na kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, kwa kulinganisha na picha ile, na vyote viwili vikarudishwa zaidi ya miaka 20 baada ya wizi. Makumbusho ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kwamba yatarudisha vigango 30 vilivyokuwa ghalani mwao. Hivyo havikuwa na picha wala kumbukumbu ya boma vilikotoka, kwa hiyo vingeweza kurudishwa Kenya, lakini hakuna aliyejua vipelekwe kwa nani.